Fuata Shamba, Usimfuate Mtu: Jinsi ya Kumtafuta Bwana Ardhi wa Karne ya 15 Katika Majalada ya Mahakama za Uingereza

Kwa miaka 31 nilikuwa karani wa masjala ya mahakama, Tanga. Nilipokea hati, nikagonga mhuri, nikazifunga kwa kamba kwenye majalada, na hakimu alipoulizia jalada saa tatu asubuhi nilitakiwa nijue liko rafu gani. Nilipostaafu nikaja Coventry, Uingereza, kumsaidia binti yangu kulea. Yeye ni muuguzi, na zamu za usiku za huku hazina huruma. Mchana, mjukuu akishachoka na katuni, tunapanda basi kwenda Coombe Abbey kulisha bata. Zamani palikuwa abasia ya watawa; sasa ni bustani ya watu wote, na jengo lenyewe limekuwa hoteli.

Siku moja mzee tuliyekaa naye benchi akanisimulia kuwa milango ya abasia hii ilivunjwa kwa magogo mwaka 1451, na aliyeongoza genge ni yule aliyeandika hadithi za Mfalme Arthur. Nikamuuliza, "Kesi yake iko wapi?" Akacheka sana. Mimi nilikuwa sitanii.

Tangu hapo nimekaa mwaka mmoja na nusu na mwandishi huyo, Sir Thomas Malory wa Newbold Revel, mkoa wa Warwickshire. Ninaandika njia niliyopita kwa ajili ya yeyote anayetaka kumfuatilia mwenye ardhi wa Uingereza ya zama zile, awe mtu mashuhuri, babu wa mkwe wako Mzungu, au jina tu uliloliona kwenye jiwe la kanisa. Kilatini sikusoma. Lakini mahakama ni mahakama: mdai kafika, mdaiwa hakufika, wito utolewe upya, kesi iahirishwe. Wala si ajabu nikajiona niko nyumbani. Sheria ya Kiingereza ilipokelewa Tanganyika kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na Kenya kama ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897. Mifereji ya makaratasi niliyoizoea Tanga ilichimbwa Westminster, London.

Kwanza tengeneza tarehe

Nunua daftari kubwa, chora safu tatu: tarehe, mahali, nani alikuwepo. Safu ya nne, ya "alifanya nini", usiichore kwanza. Nitaeleza sababu huko mbele.

Safu ya tarehe ndiyo itakayokutoa jasho. Makarani wale hawakuandika 1451. Waliandika mwaka wa utawala wa mfalme, na kila mfalme mwaka wake huanza siku yake. Wa Henry wa Sita huanza tarehe 1 Septemba, kwa kuwa aliingia 1422 siku hiyo. Wa Edward wa Nne huanza tarehe 4 Machi, kuanzia 1461. Malory mwenyewe katika kitabu chake anajitaja kuwa ni sir, yaani mwenye daraja la heshima, yuko kifungoni, na amemaliza kazi mwaka wa tisa wa Edward wa Nne. Hesabu: huo ni kati ya 4 Machi 1469 na 3 Machi 1470. Si "1469" tu, kama wengi wanavyoandika kwa haraka.

Siku pia ilitajwa kwa sikukuu: Jumatatu iliyofuata sikukuu ya mtakatifu fulani. Kwa hiyo tafuta jedwali la Pasaka za zamani, maana Pasaka ikihama, nusu ya kalenda inahama nayo. Anayeishi kwa mwandamo wa mwezi hili halimsumbui.

Halafu kuna mtego wa Machi. Kwa Waingereza wa wakati ule mwaka wa Bwana ulianza tarehe 25 Machi, sikukuu ya Kupashwa Habari Maria, siyo Januari. Daftari la maziko la Wafransisko wa Greyfriars, London, linasema Sir Thomas alifariki tarehe 14 Machi 1470. Kwa hesabu yetu ni 1471. Nami nilimzika mwaka mzima kabla ya wakati wake, nikashangaa kwa nini wachunguzi wa mali yake walichelewa hivyo kuitwa. Tena siku hiyohiyo, tarehe 14 Machi 1471, Edward aliyekuwa amefukuzwa alishuka melini huko Ravenspur kuja kudai kiti alichokuwa amekikalia tena Henry wa Sita. Ndiyo maana siku moja unaweza kuikuta imeandikwa mwaka wa 49 wa Henry wa Sita, na kwa upande wa pili mwaka wa 11 wa Edward wa Nne. Ukiona hivyo usidhani karani kakosea. Karani anaandika jina la aliyeko madarakani, na madaraka yakibadilika anabadilisha wino.

Anzia kwenye kifo

Vijana wakitafuta mtu huanza na kuzaliwa. Usianze huko. Karne ya 15 haina vyeti vya kuzaliwa, na mtoto hana mali ya kugombaniwa. Mtu huonekana vizuri zaidi akifa, kwa sababu akifa ndipo shamba linapouliza, "Mimi sasa ni wa nani?"

Aliyeshika ardhi moja kwa moja kutoka kwa mfalme, akifa, ofisa wa mfalme katika mkoa aliita jopo la watu wa pale, mara nyingi 12 au zaidi, wakaapishwa na kuulizwa: marehemu alikuwa na ardhi gani? Aliishika kutoka kwa nani, kwa huduma gani? Inazaa kiasi gani kwa mwaka? Alifariki lini? Mrithi ni nani na ana umri gani? Chunguzi hizi zilianza miaka ya 1230 na zikaendelea mpaka karne ya 17. Ziko katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Kew, London. Za Henry wa Tano ziko kundi C 138, za Henry wa Sita C 139, za Edward wa Nne C 140.

Muhtasari wake kwa Kiingereza umechapishwa, lakini una pengo: unafika 1447, kisha unaruka mpaka miaka ya 1480. Mtu wako akifa ndani ya pengo hilo, kama wangu, itabidi uione ngozi yenyewe iliyoandikiwa, au picha yake.

Umri wa mrithi ni dhahabu, ila uupime. Mwanamume alikabidhiwa ardhi yake akiwa na miaka 21, na kama alikuwa mtoto baba alipofariki, alipofikisha umri waliitwa mashahidi kuuthibitisha. Hapo utacheka. Mmoja anakumbuka siku ile kwa sababu alianguka akavunjika mguu, mwingine kwa sababu alimzika mama yake, mwingine nyumba yake iliungua. Nilidhani nimerudi Tanga kwenye viapo vya kuzaliwa, "alizaliwa mwaka wa ile mvua kubwa". Kisha ukisoma nyingi unakuta mguu uleule unavunjika kila mkoa. Karani alikuwa na kiolezo chake. Umri uliotokana nao unaweza kuwa sahihi, mguu usiuamini.

Sasa kwa Malory: watu wa jopo walipoulizwa, walijibu kwamba hakuwa na ardhi yoyote siku aliyokufa. Mtu aliyerithi Newbold Revel kwa baba yake, na Winwick huko Northamptonshire, na Swinford huko Leicestershire! Nilipoona jibu hilo nilifunga kompyuta nikaenda kuosha vyombo.

Jibu lilikuwa kweli kisheria. Wenye ardhi wa karne ile walikuwa na desturi ya kukabidhi mashamba kwa marafiki waaminifu wakiwa bado hai, wayashike kwa faida ya familia. Sababu ni wazi ukijua kanuni ya ulezi: mwenye ardhi akifa na mrithi bado mtoto, bwana wake wa juu, au mfalme, alichukua ardhi na mtoto mwenyewe, akala mapato mpaka mtoto akue, tena akauza haki ya kumwozesha. Shamba likiwa mikononi mwa marafiki watano, na mmoja tu akafa, halina mtoto wa kuchukuliwa. Kwa hiyo "hakuwa na ardhi" maana yake si ufukara. Maana yake ni kwamba alikuwa na wakili mzuri.

Basi usimfuate mtu, fuata shamba. Mtafute mjane. Elizabeth, mke wa Sir Thomas, alifariki 1479, na hapo mashamba yanajitokeza tena, pamoja na mrithi: mjukuu wao Nicholas, mtoto bado. Robert, mwana wa Sir Thomas, alikuwa amekwishakufa. Mjukuu, mjane na kizazi kilichoruka, vyote vimetoka kwenye kifo cha mwanamke, si cha mwanamume aliyekuwa na jina.

Suluhu za kuigiza

Hapa nitapita haraka, kwa kuwa kazi yenyewe ni rahisi. Waingereza walipotaka kuhamisha ardhi kwa usalama walifunguliana kesi ya uongo, kisha wakapatana mbele ya mahakimu. Mapatano yaliandikwa mara tatu kwenye ngozi moja, ikakatwa kwa mstari wa mawimbi: kipande kwa kila upande, na kile cha chini, kiitwacho mguu, kikabaki hazina ya mfalme. Kuanzia 1195 miguu hiyo ilihifadhiwa mfululizo, na ya zama za kati iko kundi la CP 25/1, imepangwa kwa mikoa. Atakayeghushi, kipande chake hakitaoana na mguu. Sisi tulikuwa na mihuri na karatasi za kaboni, na bado watu walighushi.

Ukisoma suluhu, majina ya pande mbili yana maana, kiasi cha fedha hakina maana sana. Mara nyingi "mdai" ni binamu, padri wa familia au rafiki anayeandaliwa kushika ardhi. Andika kila jina kwenye safu ya tatu. Watakutembelea tena.

Wenye jina moja

Wiki mbili nzima nilimfuatilia Thomas Malory asiye wangu. Alikuwa wa Papworth St Agnes, mpakani mwa Cambridgeshire na Huntingdonshire, na ana wasia mzuri kabisa wa tarehe 16 Septemba 1469. Nikafurahi: jina lilelile, mwaka wa tisa wa Edward wa Nne uleule! Nikamwambia binti yangu nimempata. Kisha nikatazama daraja lake. Hakuwa sir hata siku moja. Na kuna wa tatu, wa Hutton Conyers, Yorkshire, naye si sir.

Daraja na makazi ndiyo kitambulisho cha taifa cha watu wale. Mwaka 1413 Bunge lilipitisha sheria kwamba katika kesi ambazo mdaiwa anaweza kutangazwa kuwa nje ya sheria, hati lazima itaje hadhi au kazi yake na mahali anapoishi. Ukikosea, mdaiwa aliweza kuibatilisha hati. Kwa mtafutaji sheria hiyo ni zawadi. Baada ya 1413 utakuta *miles*, yaani mwenye daraja la sir, *armiger*, daraja la chini yake, *husbandman*, mkulima, na neno *nuper de*, "hivi karibuni wa mahali fulani". Neno hilo la mwisho lisikudanganye kwamba alihama. Mawakili waliliweka ili mdaiwa asije akasema, "Mimi siishi hapo tena."

Ukimpata mtu kabla ya 1413, jilinde zaidi. Mwandishi wa historia ya Warwickshire wa karne ya 17 alimweka Malory kwenye jeshi la Calais zama za Henry wa Tano, na kwa karne nyingi watu wakahesabu kwamba alikufa mzee wa miaka zaidi ya 70. Anapoonekana kwa uhakika mara ya kwanza ni Mei 1439, shahidi katika mpango wa ardhi wa binamu yake Sir Philip Chetwynd. Kufikia 1441 ameshaitwa sir. Mtu huyo ni kijana anayeanza maisha, si askari mstaafu wa miaka hamsini. Yule wa Calais nimemwandikia ukurasa wake mwenyewe. Kila mwenye jina moja apewe ukurasa wake. Kuunganisha kurasa baadaye ni rahisi kuliko kumtenganisha mtu uliyekwisha kumchanganya.

Kutembea pambizoni

Sasa tuingie masjala yenyewe. Mahakama mbili kubwa za Westminster ziliacha magombo ya kila muhula: ile ya madai ya watu binafsi, kundi CP 40, kuanzia 1273, na ile ya Mfalme, yenye jinai na mengine, kundi KB 27. Mihula ni minne, Mikaeli, Hilari, Pasaka na Utatu. Gombo la muhula mmoja linaweza kuwa na mamia ya ngozi za kondoo zilizoshonwa pamoja upande wa juu, ndefu kama mkeka wa kuswalia. Shukuru kwamba Chuo Kikuu cha Houston, Marekani, kimeweka mamilioni ya picha zake kwenye intaneti bure, kazi iliyoanzishwa na mwanahistoria wa sheria Robert Palmer.

Usijaribu kuzisoma. Tembea pambizoni. Kushoto kwa kila kesi karani aliandika mkoa kwa kifupi: *Warr'* ni Warwickshire, *Leyc'* ni Leicestershire. Macho yashuke na pambizo tu. Ukikutana na mkoa wako, soma maneno kumi ya kwanza: humo mna jina la mdai, la wakili wake na la mdaiwa. Si lako? Endelea. Kwa namna hiyo mimi napita picha 60 kwa jioni moja, chai ikiwa mezani, na sijui sarufi ya Kilatini hata kidogo.

Maneno yanayokutosha kwa mwanzo hayafiki thelathini. *Optulit se*, amejitokeza. *Non venit*, hakufika. *Non est inventus*, hapatikani, jibu ambalo sherifu alilipenda kama madalali wetu wanavyolipenda. *Ponit se*, amejiweka mikononi mwa jopo, nalo hufupishwa *po se* juu ya jina. Ukikuta *sus* juu ya jina, maana yake *suspendatur*: anyongwe. Fedha ni *li*, *s* na *d*, pauni, shilingi na peni. Shilingi 20 ni pauni, peni 12 ni shilingi. Hiyo *d* ni denarius ya Warumi, neno lilelile lililozunguka Uarabuni likatufikia sisi kama dinari. Utakutana pia na marki, shilingi 13 na peni 4. Sarafu yake haikuwepo, ilikuwa hesabu ya mdomoni tu.

Mdaiwa asipofika, utaona hatua zikipanda muhula kwa muhula: aitwe, ashikiwe mali, akamatwe, mwishowe aitwe katika mabaraza matano ya mkoa mfululizo, na asipojitokeza anatangazwa kuwa nje ya sheria. Inatisha ukiisoma mara ya kwanza. Mabwana wengi walitangazwa hivyo kwa madeni, wakanunua msamaha, wakaendelea kula chakula chao cha jioni. Kwa hiyo ukimkuta mtu wako "nje ya sheria" usimpeleke porini na upinde.

Hati ya mashtaka ni ya nani?

Hapa ndipo nataka kukaa, kwa sababu ndipo watu wanapopotea.

Tarehe 23 Agosti 1451, huko Nuneaton, zilisomwa tuhuma nyingi dhidi ya Malory. Kwamba tarehe 4 Januari 1450, yeye na wenzake 26 walimvizia Humphrey Stafford, Duke (kabaila mkubwa) wa Buckingham, kwenye msitu wa abasia ya Coombe ili wamuue. Kwamba mwaka huo alimbaka Joan Smith, mke wa Hugh Smith, mara mbili. Kwamba aliwatoza watu wa Monks Kirby fedha kwa vitisho. Kwamba Julai 1451 aliiba paa majike sita na kuharibu mali ya pauni 500 katika hifadhi ya Caludon. Kwamba alipokamatwa na kuwekwa Coleshill alitoka usiku akaogelea handaki la maji, na kesho yake, tarehe 28 Julai, akaivamia abasia. Zimo katika kundi KB 9, na zilikaa kimya hapo mpaka miaka ya 1920, Edward Hicks alipozifikia.

Swali la karani: nani alikuwa kwenye kiti? Buckingham. Yeye yule aliyedaiwa kuviziwa. Na Nuneaton ilikuwa upande wake wa mkoa, siyo Coventry au Warwick. Tena lile la kuviziwa linakuja kwenye karatasi zaidi ya miezi 19 baada ya tukio. Mimi sisemi ni uongo. Nasema kesi ya namna hiyo ingefika masjala kwetu, hakimu mfawidhi angeuliza maswali kabla ya kuipanga.

Kisha pima kwa shajara nyingine. Malory alikuwa mbunge wa Bunge lililofunguliwa Novemba 1449. Je, tarehe 4 Januari alikuwa London? Bunge liliahirishwa tarehe 17 Desemba mpaka tarehe 22 Januari, hivyo angeweza kuwa nyumbani. Tuhuma ya kwanza ya Joan Smith ni ya tarehe 23 Mei 1450, Coventry. Mwezi ule Bunge lilikuwa limehamia Leicester, mwendo wa siku moja kwa farasi. Tarehe zote mbili zinasimama. Kupima hivi hakuthibitishi kosa, kunaonyesha tu kwamba aliyetunga hati, kama aliitunga, hakuwa mjinga.

Pauni 500 kwa paa sita na uharibifu? Mtu mwenye kipato cha ardhi cha pauni 40 kwa mwaka ndiye aliyetakiwa kuwa sir. Hiyo ni miaka 12 na nusu ya kipato hicho. Kiasi kinachodaiwa mahakamani ni sauti ya hasira, usikiandike kama hasara. Na katika kesi za madai ya uvamizi, ukisoma "kwa nguvu na silaha, yaani panga, pinde na mishale", tulia. Maneno hayo yaliwekwa ili kesi iingie mahakama ya mfalme. Kuna farasi aliyeharibiwa na mhunzi asiyejua kupiga kiatu ambaye naye alishtakiwa kwa panga na mishale.

Neno *raptus* linahitaji adabu ya pekee. Lilibeba maana ya kubaka, na pia ya kumchukua mtu kutoka kwa mwenye mamlaka naye. Mwaka 1380 Cecily Chaumpaigne alimwandikia mshairi Geoffrey Chaucer hati ya kumwachilia na kila dai la *raptus*, na kwa zaidi ya karne wasomi wakabishana. Mwaka 2022 Euan Roger na Sebastian Sobecki wakaonyesha hati nyingine za kesi hiyo: aliyeshtaki ni Thomas Staundon, akiwashtaki wote wawili, Chaucer na Cecily, kwa sheria ya vibarua, kwamba mtumishi wake aliondoka kwake akaajiriwa na Chaucer. Hati moja iliposomwa na ndugu zake, maana ikageuka. Lakini usichukue sabuni hiyo ukamwoshee Malory. Hati yake inaongeza kwamba alilala naye kimwili. Wanaosema ni njama ya kisiasa tu wanamsahau Joan, ambaye hakuna aliyemuuliza kitu kwenye karatasi yoyote niliyoiona.

Ndiyo maana sikukuchorea safu ya nne. Maelezo ya kosa yameandikwa na anayelalamika. Mwenendo wa kesi, nani kafika, kaletwa na nani, kaahirishiwa lini, umeandikwa na karani asiyejali. Mimi namwamini asiyejali.

Na mwenendo wa Malory unasema mengi. Januari 1452 yuko Westminster, anakana, anaomba jopo la watu wa mkoa wake. Jopo halikuketi kamwe. Kwa karibu miaka minane anahamishwa kutoka gereza moja la London hadi jingine. Mei 1454 anapewa dhamana mpaka tarehe 29 Oktoba, na baadhi ya wadhamini wake ni watu wa Duke wa Norfolk, mwenye lile eneo la paa la Caludon! Siku inafika, wadhamini wanasimama mbele ya mahakama peke yao: mtu wao yuko mahabusu nyingine, Colchester, na tarehe 30 anatoroka huko kwa panga na visu. Msamaha alioupata mwaka 1455 mahakama ikaukataa. Wa 1462 ukasimama. Mwaka 1468 ukatolewa msamaha wa jumla, na jina lake likawekwa kwenye orodha ya wasiohusika.

Newbold Revel, nyumba yake, leo ni chuo cha kufundishia askari magereza. Nilipita na basi nikamwonyesha mjukuu lango.

Siku ya Kew

Picha zikikuishia, nenda. Kutoka Coventry treni mpaka Euston ni kama saa moja, kisha reli ya chini mpaka Kew Gardens. Omba kitambulisho cha msomaji, ni bure, ila ubebe uthibitisho wa jina na wa anwani. Mimi nilirudishwa mara ya kwanza kwa bili iliyokuwa na jina la binti yangu. Kalamu ya wino hairuhusiwi, penseli tu. Agiza hati mapema kupitia katalogi yao ya mtandaoni, andika namba kamili: kundi, boksi, kipande. Watakupa mito ya sponji ya kulazia gombo na kamba nzito za kushikilia ngozi isijikunje. Simu inaruhusiwa kupiga picha. Piga pambizo kwanza, kisha kichwa cha ngozi chenye namba yake, ndipo upige kesi. Picha nzuri isiyo na namba ya ngozi ni sawa na jalada lisilo na namba.

Osha mikono, usipake mafuta. Ngozi ile ina vinyweleo bado upande mmoja.

Mimi sasa niko muhula wa Pasaka, mwaka wa nane wa Edward wa Nne, yaani 1468, natafuta kilichomtia kwenye orodha ile. *Norff'*. *Essex'*. *London'*. *London'*. *Warr'*, deni la mchinjaji, si yeye. *Kanc'*. Saa kumi na moja kasoro binti anaamka kwenda zamu, na picha zilizobaki kwenye muhula huu ni zaidi ya 200.